Jinsi ya kuipasua namba kubwa kwa kalamu na karatasi: mfano wa 61,741,120

Tarehe 31 Oktoba 2022, Dodoma, Watanzania tulitangaziwa matokeo ya Sensa ya Watu na Makazi iliyofanyika Agosti 23 mwaka huo. Tulikuwa 61,741,120. Wengi waliikariri kama "milioni sitini na moja na ushee" wakaendelea na shughuli zao. Mimi niliiandika yote, tarakimu nane, nyuma ya daftari, nikaanza kuigawa. Tangu siku hiyo ndiyo namba ninayoitumia kila ninapomwonyesha mtu namna ya kuichambua namba kubwa, kwa sababu ndani yake kuna mambo ambayo hata ningekaa kuitunga nisingeyapata.

Unachohitaji ni karatasi, kalamu na nusu saa ya utulivu. Kikokotoo kiweke pembeni mpaka mwisho. Si kwamba ni kosa kukitumia, ila kinakupa jibu bila kukuonyesha njia, na hapa njia ndiyo tunayoitafuta. Ukishaielewa, chukua namba yoyote uipendayo, ya mita ya umeme au ya risiti, nayo utaifungua vilevile.

Anza na mkia

Usianze kugawa hovyo. Tazama kwanza tarakimu za mwisho, maana zinasema mengi bure.

Namba yetu inaishia na 0, kwa hiyo inagawanyika kwa 10, yaani kwa 2 na kwa 5. Je, inagawanyika kwa 25? Hapana, kwa sababu mwisho wake ni 20, na kigawe cha 25 lazima kiishie na 00, 25, 50 au 75. Basi 5 imo mara moja tu.

Mbili zimo ngapi? Hapa kuna kanuni ambayo shuleni huwa tunafundishwa nusu yake. Kwa 4 tunatazama tarakimu mbili za mwisho, kwa 8 tatu, halafu mwalimu anaishia hapo. Lakini kanuni haiishii hapo: kwa 16 tazama nne, kwa 32 tano, kwa 64 sita. Sababu yake ni nyepesi. 1,000 ni 8 × 125, hivyo kila kilicho kwenye maelfu na kuendelea tayari kinagawanyika kwa 8, na kinachobaki kuulizwa ni tarakimu tatu za mwisho tu. 10,000 nayo ni 16 × 625, na mtindo ni huohuo kila unapopanda.

Tujaribu: 20 ÷ 4 = 5. 120 ÷ 8 = 15. 1,120 ÷ 16 = 70. 41,120 ÷ 32 = 1,285. 741,120 ÷ 64 = 11,580. Zote zimekubali. Kwa 128 tunachukua tarakimu saba, 1,741,120, nayo inatoa 13,602 na nusu. Imekataa. Kwa hiyo mbili zimo sita kamili.

Mbili sita zikizidishwa ni 64, na 64 × 5 ni 320. Gawa namba yote kwa 320:

61,741,120 ÷ 320 = 192,941

Tumetoka kwenye makumi ya mamilioni tumefika chini ya laki mbili, na hatujatoa jasho. Ndiyo maana nasisitiza vigawo vidogo viondolewe kwanza, kwa kuwa kila unachokiondoa kinapunguza kazi ya mbele.

Tatu, halafu saba, kumi na moja na kumi na tatu kwa pigo moja

Tatu ni rahisi. Jumlisha tarakimu za 192,941 upate 26. Haigawanyiki kwa 3, basi na namba yote haigawanyiki kwa 3, wala kwa 9.

Sasa inakuja mbinu ninayoipenda kuliko zote katika hesabu za mkono. 7 × 11 × 13 = 1,001. Kwa sababu hiyo, ukiikata namba katika mafungu ya tarakimu tatutatu kuanzia kulia, kisha ukatoa na kujumlisha kwa zamu (fungu la kwanza, toa la pili, ongeza la tatu, na kuendelea), jibu dogo utakalopata litakueleza habari za 7, 11 na 13 kwa pamoja. Mafungu yetu ni 941 na 192:

941 − 192 = 749

749 ni 7 × 107 kamili. Kwa 11 inabaki 1, kwa 13 inabaki 8. Basi 7 imo, 11 na 13 hazimo, na tumejua yote matatu kwa kutoa mara moja.

192,941 ÷ 7 = 27,563

Kazi ya mguu

Hapa hakuna njia ya mkato kwa sasa, tugawe tu. Lakini kuna mpaka unaopaswa kuujua kabla hujaanza, la sivyo utagawa mpaka usiku wa manane. Namba ikiwa na vigawo viwili, kimojawapo lazima kiwe sawa na kipeuo chake cha pili au kidogo zaidi. 166 × 166 = 27,556, na 167 × 167 inazidi 27,563. Kwa hiyo tunajaribu namba tasa zisizozidi 166. Tukifika huko bila kupata kitu, 27,563 yenyewe ni tasa. Namba tasa, kwa aliyesahau, ni ile isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17 na kuendelea.

Namba zisizo tasa usizijaribu. Kujaribu 21 ni kupoteza muda, kwa kuwa kama 3 imekataa 21 haiwezi kukubali. Lakini 7 ijaribu tena, maana inaweza kuwemo mara mbili: 27,563 kwa 7 inabaki 4. Haimo tena. 11 na 13 zilikwisha kukataa. Tunaendelea, na mabaki tunayaandika:

17 baki 6, 19 baki 13, 23 baki 9, 29 baki 13, 31 baki 4, 37 baki 35, 41 baki 11.

Halafu 43. 43 × 640 = 27,520, ongeza 43 nyingine, 27,563. Imekubali, baki sifuri.

27,563 = 43 × 641

Je, 641 inahitaji kujaribiwa? Hapana, na sababu yake iweke moyoni. Kama 641 ingekuwa na kigawo tasa kidogo, kigawo hicho kingeigawa 27,563 pia, na tungekuwa tumeshakikuta njiani. Vyote vya chini ya 43 vimekataa. Na 43 × 43 ni 1,849, inayoizidi 641 kwa mbali. Basi 641 ni tasa, bila kugawa hata mara moja. Nimeona wanafunzi wazuri wakirudi mwanzo kabisa na 2, 3, 5 kila wanapopata namba mpya. Yale mabaki uliyoyaandika ni mali yako, yatumie.

Namba yetu sasa imefunguka:

61,741,120 = 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 5 × 7 × 43 × 641

Kagua kabla ya kufurahi

Zidisha kurudi nyuma: 320 × 7 = 2,240, mara 43 ni 96,320, mara 641 ni 61,741,120. Sawa.

Pia tumia kutoa tisa. Jumlisha tarakimu za namba asili: 22, kisha 2 + 2 = 4. Fanya hivyo kwa vigawo: 64 inatoa 1, 5 ni 5, 7 ni 7, 43 inatoa 7, 641 inatoa 11 na hatimaye 2. Zidisha: 1 × 5 × 7 × 7 × 2 = 490, nayo inatoa 13, kisha 4. Zimekutana. Ukaguzi huu haukamati tarakimu zilizobadilishana nafasi, kwa hiyo usiutegemee peke yake, ila makosa ya kuzidisha huyanasa vizuri.

Hii 641 si ngeni

Nilipoiona 641 mara ya kwanza chini ya ukurasa, niliweka kalamu chini. Kwa wapenzi wa namba tasa, hii ni mashuhuri.

Mwaka 1640 Mfaransa Pierre de Fermat alikuwa akiamini kwamba namba za muundo fulani zote ni tasa: unachukua mbili moja, au mbili mbili, nne, nane, kumi na sita, thelathini na mbili na kuendelea, unazizidisha zote pamoja, kisha unaongeza 1. Tano za kwanza, 3, 5, 17, 257 na 65,537, ni tasa kweli. Ya sita ni 4,294,967,297, na hakuna aliyeweza kuivunja. Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kwamba inavunjika: ni 641 × 6,700,417.

Unaweza kuthibitisha hilo wewe mwenyewe bila kuishika ile namba ya tarakimu kumi, kwa kufuata mabaki peke yake. Mbili nane zikizidishwa ni 256. 256 × 256 = 65,536, hizo ni mbili kumi na sita. Gawa kwa 641: 641 × 102 = 65,382, baki 154. Sasa kufikia mbili thelathini na mbili, huna haja ya kuzidisha 65,536 kwa yenyewe. Zidisha baki: 154 × 154 = 23,716. Na 641 × 37 = 23,717. Imepungua moja tu! Ongeza ile 1 ya Fermat, baki linakuwa sifuri. Mistari mitatu, na imani iliyokaa karibu karne nzima imeanguka.

Njia ya pili: acha namba mbili zichujane

Kugawa kwa kujaribu kunachosha namba zikiwa kubwa. Kama una namba mbili zinazohusiana, kuna njia iliyo bora mara nyingi, nayo ni ile ya kutafuta KKS, kigawo kikubwa cha shirika, kwa utaratibu wa Euclid. Gawa kubwa kwa ndogo, chukua baki, gawa ndogo kwa baki, endelea mpaka sifuri. Baki la mwisho kabla ya sifuri ndilo KKS.

Sensa ile ilihesabu wanawake 31,687,990 na wanaume 30,053,130. Tuzichuje:

31,687,990 kwa 30,053,130: baki 1,634,860
30,053,130 kwa 1,634,860: baki 625,650
1,634,860 kwa 625,650: baki 383,560
625,650 kwa 383,560: baki 242,090
383,560 kwa 242,090: baki 141,470
242,090 kwa 141,470: baki 100,620
141,470 kwa 100,620: baki 40,850
100,620 kwa 40,850: baki 18,920
40,850 kwa 18,920: baki 3,010
18,920 kwa 3,010: baki 860
3,010 kwa 860: baki 430
860 kwa 430: baki 0

KKS ni 430, yaani 2 × 5 × 43. Ile 43 tuliyoitafuta kwa kupita 17, 19, 23 mpaka 41, imejileta yenyewe. Kitu kinachozigawa wanawake na wanaume lazima kiigawe na jumla yao, ndiyo maana imo pia katika 61,741,120. Wanawake ni 430 × 73,693, wanaume ni 430 × 69,891.

Niseme wazi hapa, maana nimewahi kuulizwa: hii haina maana yoyote kuhusu watu wenyewe. Angezaliwa mtoto mmoja zaidi kabla ya usiku wa kuhesabiwa, 43 ingetoweka. Ukiokota namba mbili hovyo, nafasi ya 43 kuzigawa zote mbili ni moja kati ya 1,849. Ni sadfa, nzuri sana, na ifurahie kama sadfa.

Tanzania Bara na Zanzibar hazikufanya hivyo. Bara ilikuwa na watu 59,851,347 na Zanzibar 1,889,773. Huna haja ya kuzichuja kwa safari ndefu, kwa sababu kigawo cha shirika chochote lazima kiigawe jumla, na vigawo tasa vya jumla tunavijua: ni vitano tu. Ijaribu Zanzibar kwa hivyo vitano. Inaishia na 3, basi 2 na 5 hazimo. 773 − 889 + 1 = −115, si kigawe cha 7. Kwa 43 inabaki 9, kwa 641 inabaki 105. KKS yao ni 1.

Sasa vuna

Mtu akishakuwa na vigawo tasa, mengine yote ni mavuno.

*Idadi ya vigawo.* Kila kigawo cha namba yetu kinatengenezwa kwa kuchagua: nichukue mbili ngapi (0 mpaka 6, njia 7), nichukue 5 au niache (njia 2), na vivyo hivyo 7, 43 na 641. 7 × 2 × 2 × 2 × 2 = 112. Namba ina vigawo 112. Vya witiri ni vile ambavyo hukuchukua mbili hata moja, 16. Vya shufwa ni 96.

*Mstatili ulio karibu na mraba.* Tuseme unataka kuwapanga watu wote kwa safu zilizo sawa, uwanja ukaribie kuwa mraba. Kipeuo cha pili cha namba yetu kiko kati ya 7,857 na 7,858, kwa hiyo unatafuta jozi ya vigawo inayoukumbatia mpaka huo kwa karibu. Jozi hiyo ni 6,880 × 8,974, yaani (32 × 5 × 43) na (2 × 7 × 641). Kuipata kunataka uvumilivu kidogo wa kuhamisha vigawo huku na huku, na ni zoezi zuri kwa watoto wa darasa la sita au la saba.

*Jumla ya vigawo.* Kwa kila namba tasa jumlisha machaguo yake, kisha zidisha. Mbili: 1 + 2 + 4 + 8 + 16 + 32 + 64 = 127. Tano: 6. Saba: 8. Arobaini na tatu: 44. Mwisho 642. Zao lake ni 172,199,808. Ukitoa namba yenyewe, vigawo vingine vyote vinajumlika kuwa 110,458,688, kiasi kinachoizidi namba kwa mbali. Wagiriki wa kale waliziainisha namba hivi: zinazopungukiwa, zinazozidi, na zilizo kamilifu, kama 6 (1 + 2 + 3) na 28 (1 + 2 + 4 + 7 + 14). Yetu imezidi, na ungeweza kulijua hilo mapema: 4 na 7 zimo, basi 28 imo, na kila kigawe cha namba kamilifu kilicho kikubwa kuliko yenyewe lazima kizidi.

*Namba ngapi hazishirikiani nayo kigawo.* Kuanzia 1 mpaka 61,741,120, ngapi hazigawanyiki kwa 2, 5, 7, 43 wala 641? Chukua 32 × 4 × 6 × 42 × 640 = 20,643,840, theluthi moja hivi. (32 ni nusu ya 64, nyingine ni kila namba tasa toa 1.)

*Miraba miwili.* Je, ni jumla ya miraba miwili, kama 25 ilivyo 9 + 16? Haiwezekani. Namba tasa inayobakiza 3 ikigawanywa kwa 4 lazima iwemo kwa idadi ya shufwa ili hilo liwezekane. 7 inabakiza 3, nayo imo mara moja tu. Imeishia hapo.

*Kwa lugha ya kompyuta.* Kwa sifuri na moja inaandikwa 11101011100001100001000000, tarakimu 26. Zitazame sifuri za mwisho: ni sita. Ndizo zile mbili sita tulizozitoa mwanzo, kama vile sifuri za mwisho katika namba zetu za kawaida zinavyohesabu makumi.

Na kuna moja isiyohusu vigawo, nisiyoweza kuiacha. Tarakimu nne za mwanzo ni 6174. D. R. Kaprekar, mwalimu wa shule kule Devlali, India, aligundua kwamba ukichukua tarakimu nne zozote zisizofanana zote, ukazipanga kutoka kubwa kwenda ndogo, ukatoa zilizopangwa kinyume, na ukarudia, utafika 6174 na kukwama hapo. Jaribu kwa tarakimu nne za mwisho za namba yetu, 1120:

2110 − 0112 = 1998
9981 − 1899 = 8082
8820 − 0288 = 8532
8532 − 2358 = 6174

Mkia wa namba umekurudisha kichwani mwake.

Zamu yako

Chukua sensa ya Kenya ya mwaka 2019: watu 47,564,296. Mkia wake ni 296, inayogawanyika kwa 8, lakini 4,296 haigawanyiki kwa 16. Basi mbili ziko tatu, na kinachobaki ni 5,945,537. Kata mafungu: 537 − 945 + 5 = −403. Uliza 7, 11 na 13 ipi imekubali, kisha endelea. Utapita kwenye kigawo kimoja cha mapema, halafu itabaki namba ya tarakimu tano itakayokutaka ujaribu namba tasa zote mpaka 151, na hapo usikate tamaa. Ukimaliza, hesabu vigawo vyake vyote. Vikiwa 32, umepata.